Mpini uliochonga mwenyewe: upake nini? Kuanzia kopo la kwanza kununua hadi lile la kuliacha dukani

Umechonga mpini, umeupitisha kwenye tundu la jembe au shoka, umeupigilia kabari ukakaza. Sasa umesimama mbele ya rafu yenye makopo ya kila namna: mafuta, vanishi, nta, rangi. Muuzaji anauliza unapaka nini. Ukimjibu "mbao" tu, atakushushia vanishi inayong'aa, maana ndiyo wengi wanayoulizia, na hapo ndipo pesa inapoanza kupotea.

Mtego huo nimeshauingia. Mpini wangu wa kwanza wa jembe niliupaka vanishi mara tatu, ukang'aa kama meza ya sebuleni. Siku ya kwanza ya kulima, jua halijafika utosini, tayari nina malengelenge mawili kwenye kiganja. Mkono wa mbele, ule unaopaswa kuteleza kila unapoinua na kushusha, ulikuwa unakwama. Joto na jasho vilifanya vanishi ishike ngozi. Wiki chache baadaye ikaanza kubanduka vipande kama magamba ya samaki, na chini ya vipande vile mbao ilikuwa imefanya weusi, kwa sababu maji yaliingia pembeni mwa nyufa yakakosa pa kutokea.

Meza hutazamwa, mpini hushikwa. Kwa hiyo orodha hii haikufuata mng'ao wala bei. Nimeuliza mambo matatu: kitu hiki kinaingia ndani ya mbao au kinakaa juu? Kinakauka kweli? Na siku kikichakaa, naweza kukirudia bila kukwangua mpini mzima?

Hilo la kukauka ndilo linalowachanganya watu. Mafuta hayakauki kama nguo kwenye kamba. Yale yanayofaa huvuta oksijeni ya hewani, yakabadilika na kuwa kitu kigumu ndani ya vitundu vya mbao. Ya kitani, yaani ya mbegu za mmea unaotoa uzi wa kitani, yana tabia hiyo, ya mti wa tungu pia, hata ya jozi. Mafuta ya nazi, ya karanga na ya zeituni hayafiki huko. Utayapaka leo na mwezi ujao bado yatakuwa mafuta.

1. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa

Akija mtu anataka kopo moja tu kwa mipini ya jembe, shoka, nyundo, koleo na patasi, namwambia achukue hili. Jina lisikuhadae: mengi yanayouzwa kwa jina la "yaliyochemshwa" hayajaona moto wa kuchemka. Hutiwa vikaushio, yaani misombo ya metali kama kobalti na manganisi, ili yakauke kwa siku moja hadi tatu badala ya kusubiri wiki.

Yanazama ndani, yanaipa mbao rangi ya asali, na kiganja kinabaki kinagusa mbao yenyewe. Mwakani mpini ukipauka, unafuta vumbi, unapaka tena, basi. Hakuna kukwangua, hakuna kuanza upya. Hiyo peke yake inatosha kuyaweka mbele.

Kasoro zipo. Hayazuii maji kwa kiwango cha vanishi, kwa hiyo mpini ukisahaulika kwenye mvua usiku kucha utakunywa. Penye unyevu wa kudumu kuvu huyapenda, utaona madoa meusi. Na kwa sababu ya vile vikaushio, usiyapake mwiko wala mpini wa kisu cha jikoni.

2. Mafuta ya tungu, yakiwa safi

Hukamuliwa kutoka kokwa za mti wenye asili ya China, na kwa kukinga maji yanayapita ya kitani. Pia hayageuki rangi sana. Kama mpini wako utaishi nje, au kazi yake ni ya majimaji, haya ndiyo yangekuwa namba moja.

Nimeyashusha nafasi moja kwa sababu mbili. Yanataka subira: unayapunguza makali kwa tapentaini mara ya kwanza, unapaka mara nne au tano, na kila mara unasubiri siku kadhaa. Sababu ya pili ni ujanja wa makopo. Makopo mengi yanayobeba jina la tungu ndani yake yana vanishi iliyopunguzwa makali, na tungu yenyewe ni kidogo au haipo kabisa. Geuza kopo usome nyuma. Usipoona imeandikwa kwamba ni tungu tupu, chukulia si tungu.

3. Mafuta ya kitani mabichi

Haya ni yale yale ya namba moja bila vikaushio. Yanazama vizuri, hayana kitu cha kukutia wasiwasi jikoni, ila tabaka moja jembamba linaweza kuchukua wiki na zaidi kukauka, na hali ya hewa ikiwa ya baridi au ya unyevunyevu ni zaidi ya hapo. Mwenye mpini mmoja na haraka zake, ataudhika. Mwenye mipini sita ya akiba inayoning'inia darini hana neno.

4. Mafuta ya Kidenishi na ndugu zake

Chini ya jina hili kila kiwanda kinachanganya kivyake: mafuta kiasi, vanishi kiasi, na kiyeyushi cha kuyafanya mepesi. Hakuna fomula moja, ndiyo maana kopo la leo linaweza lisifanane na la mwaka jana. Yanakauka haraka na ni rahisi kupaka kwa tambara. Kwa mpini wa randa au wa patasi yanapendeza sana. Ukizidisha tabaka, unarudi kwenye shida ya vanishi: gamba juu ya mbao.

5. Nta ya nyuki

Nta peke yake inanukia vizuri, inalainisha mkono, kisha inaondoka na jasho. Inakaa juu, haiingii, na huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo shoka lililoachwa juani kwenye gari litarudi linanata. Ninunue? Ndiyo, lakini kama kitu cha kumalizia juu ya mafuta yaliyokwisha kukauka. Sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu au nne za mafuta ya kitani, ukiyeyusha kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe.

6. Vanishi, poliurethani (vanishi ya plastiki), shelaki na rangi

Sizichukii, zina mahali pake. Mpini wa msumeno au wa bisibisi haukimbii ndani ya kiganja, unashikwa pale pale, kwa hiyo vanishi nyembamba haiuumizi mkono. Shelaki, ile ya utomvu wa wadudu, hukauka upesi kuliko zote lakini maji huifanya iwe nyeupe. Rangi naipenda kwa jambo moja tu: kipande cha upana wa vidole vinne mwishoni mwa mpini, chekundu au cha machungwa, ili panga likidondoka kwenye majani ulione. Mpini mzima uliopakwa rangi unanitia shaka, kwa sababu rangi inaficha ufa na kuficha nyuzi zilizokwenda mshazari, na mpini wa namna hiyo ndio unaokatika shoka likiwa hewani.

Ya kuacha

Mafuta ya kupikia nimeshayasema. Hayakauki, yanavuta vumbi, mengine yanachacha na kunuka.

Oili chafu ya injini ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa ni ya bure na wengi wanaiamini. Ni kweli inaingia ndani ya mbao. Lakini haikauki milele, na imebeba mabaki ya metali na kemikali za masizi zinazojulikana kuleta saratani ya ngozi. Mpini unaushika saa nzima, mikono ina jasho, pengine ina mchubuko. Oili hiyo ipeleke inakopokelewa oili chafu.

Kopo la ukubwa gani?

Dogo kuliko yote. Mpini wa jembe hunywa mafuta kidogo tu kwa kila mkupuo, ya kujaa kikombe kidogo cha kahawa, na kila mara unapungua. Kopo kubwa lililofunguliwa hufanya ngozi juu kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani, na baada ya miezi unatupa nusu. Wajanja hutumbukiza vijiwe safi ndani ya chupa ili mafuta yapande hadi shingoni na hewa ikose nafasi.

Pesa iliyobaki nunua msasa: namba 80, 120 na 180. Baada ya 120, futa mpini kwa tambara la maji, uuache ukauke. Utaona vinyuzi vimesimama kama ndevu za siku mbili. Piga 180 uviondoe, uishie hapo. Mpini laini kama kioo huponyoka mkononi.

Kupaka, na pale wengi wanapopasahau

Tabaka la kwanza changanya mafuta na tapentaini nusu kwa nusu. Paka hadi mbao ikatae, subiri dakika 15 hadi 20, kisha futa yote yaliyobaki juu, ufute kama unayejuta kuyapaka. Mpini unaonata karibu kila mara ni wa mtu aliyeona uchungu kufuta. Siku inayofuata rudia bila tapentaini, mara tatu au nne.

Sasa geuza mpini uangalie ncha zake mbili, hasa ile iliyotokeza juu ya chuma karibu na kabari. Hapo nyuzi za mbao zimekatwa, kila moja ni kama mrija uliofunguka mdomo, na maji huingia kwa kasi kubwa mno kuliko ubavuni. Mbao ikilowa inavimba kwa upana. Chuma hakisogei, kwa hiyo mbao inajibana na kupondeka. Ikikauka inasinyaa ikawa nyembamba kuliko ilivyoanza, na kichwa kinacheza. Ndiyo maana kuloweka shoka lililolegea kwenye ndoo ya maji kunasaidia leo na kuharibu wiki ijayo. Ncha hiyo ipe mafuta mara nyingi, hadi iache kuyanywa.

Lile tambara

Hili ni la lazima hata kama hukununua chochote katika orodha. Oksijeni inapoingia kwenye mafuta ya kitani hutoa joto. Kwenye mpini joto linapotea hewani. Kwenye tambara lililofinyangwa na kutupwa pembeni, joto linabaki ndani, linapanda, na tambara linajiwasha bila kiberiti. Februari 1991, katika jengo la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, Marekani, moto ulianzia ghorofa ya 22 kwenye matambara ya mafuta ya kitani yaliyoachwa na watu waliokuwa wakikarabati kuta za mbao. Wazimamoto watatu walikufa.

Litandaze tambara nje, tabaka moja, hadi likauke na kukakamaa, au litumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko. Usilikunje, usilirundike, wala usilitie mfukoni mwa aproni.

Lini upake tena?

Dondosha tone la maji kwenye mpini. Likisimama kama shanga, mafuta bado yapo. Likitandaa na kuacha alama ya giza, mbao ina kiu. Anzia na ile ncha ya juu.