Vikaragosi vya mkononi: kipi kinamtoa mtoto maneno?

Madukani utakuta aina tatu: vya vidoleni, vya glavu vyenye mikono miwili, na vile vinavyofumbua mdomo. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5 anayejifunza kusema, chukua cha mdomo. Vya vidoleni vinafaa nyimbo za kuhesabu, basi. Tena kwa aliye chini ya miaka 3 vinaweza kuwa hatari: chochote kinachoingia chote kwenye kipimo cha usalama chenye kipenyo cha milimita 31.7 kinaweza kumkaba. Macho ya vifungo nayo hung'oka, kwa hiyo tafuta yaliyodariziwa.

Usinunue bila kutia mkono ndani. Vidole vinne juu, gumba chini. Mdomo wa kitambaa kitupu hujikunja na kupoteza umbo, na uliotiwa kadibodi huharibika ukifuliwa mara ya kwanza. Na kufuliwa ni lazima, maana watoto hukilamba. Bora ulio na plastiki laini ndani.

Sasa sema "karibu". Gumba lishuke mara tatu, ka-ri-bu, vidole vya juu vitulie. Ukivinyanyua, macho ya kikaragosi yatatazama dari na mtoto hataona kuwa anaongeleshwa. Wengi hukosea kwa kufumba mdomo kwenye kila silabi, kama kinatafuna maneno. Fumbua kwenye irabu. Kwenye "mtu" mdomo ufumbuke mara moja tu, kwa sababu ile "m" hutamkwa midomo ikiwa imefungwa.

Ule ulimi mwekundu unaosifiwa kwenye pakiti haufundishi "r" wala "l", kwa kuwa haupandi popote. Kiweke kikaragosi karibu na shavu lako ili mtoto auone mdomo wako wewe.

Thamani yake halisi iko kwenye ujinga wake. Kikaragosi kinachouliza "Hii rangi gani?" ni mtihani wenye manyoya, na kitajibiwa neno moja. Kinachochana nywele kwa kijiko ndicho kinachochokoza:

"Kitana changu kizuri!"
"Siyo! Jiko!"
"Aa, kijiko? Kijiko cha nini?"
"Kula."
"Kumbe ni cha kulia!"

Hapo neno limerudishwa likiwa sahihi bila mtoto kuambiwa "sema kijiko". Baada ya kila swali hesabu kimoyomoyo hadi 10. Kimya hicho humchosha mtu mzima, lakini ndani yake ndimo mtoto anapotunga jibu. Asiyesema kabisa, mwache akinong'oneze kikaragosi sikioni.

Dakika 10 zinatosha, watoto wasizidi 6. Na mamba mwenye meno muache dukani: mkono wa kwanza kumvaa utaanza kung'ata wenzake, na hakuna atakayeongea tena isipokuwa kwa kupiga kelele.