Farasi wa Mkokoteni Nchini Senegali: Yupi Anunuliwe Kwanza

Anayetafuta farasi wa kazi nchini Senegali, awe mkulima wa karanga au mchukuzi wa mjini, huwa na aina nne za kuchagua, nazo zote zina damu ya farasi wa Barb wa Afrika Kaskazini.

Nafasi ya kwanza ninampa M'Bayar, poni wa eneo la Baol mwenye kimo cha takriban meta 1.35 mabegani. Mara nyingi ni wa kahawia mwenye singa nyeusi, na umbo lake nene, lenye kifua kipana na miguu mifupi imara, ndilo linalomwezesha kuvuta mzigo mchana kutwa katika joto kali huku akilishwa majani makavu ya karanga na uwele kidogo.

Wa pili ni M'Par wa eneo la Cayor, ambaye ni mdogo zaidi na, tuseme kweli, hana sura ya kupendeza. Hata hivyo ni mvumilivu kupindukia, na uvumilivu huo ndio unaomponza, kwa kuwa wenye mikokoteni humpakia kupita uwezo wake. Anamfaa mwenye mizigo myepesi.

Foutanké, anayezaliwa na dume la Fleuve na jike la M'Bayar, ana mbio na hupendwa na washindanishaji. Fleuve mwenyewe, farasi mrefu wa kandokando ya Mto Senegal, ni wa kupandwa. Kumfunga mkokoteni ni kumpoteza, ndiyo maana namweka mwisho.

Aina yoyote utakayoipenda, uliza kwanza kuhusu chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi na ambao ulizuka nchini humo mwaka 2007 ukaua farasi wengi. Kisha fungua mdomo uyatazame meno ya mbele, maana umri unaotajwa na muuzaji na umri unaoonekana kwenye meno havilingani kila mara. Pitisha kiganja mabegani na kifuani: mabaka ya manyoya meupe hapo huonyesha vidonda vya zamani vya matandiko. Mwisho, mtake muuzaji amfunge mkokoteni wenye mzigo mbele yako, umtazame anavyoondoka, anavyogeuka na anavyosimama, kwa sababu farasi anayechechemea huweza kuonekana mzima kabisa akiwa amesimama kivulini.