Addgene: plasmidi zimefika Dar bila barafu na zimeota vizuri tu

Wenzangu mnaosoma mwendo wa seli, nimeshaagiza plasmidi (vile vipete vya DNA vinavyobeba jeni) kutoka ghala la Addgene mara mbili sasa, naandika maana huku kwetu bado wapo wanaoamini haya mambo ni ya maabara zenye hela tu.

Kwanza mjue nilikotoka. Mwaka juzi niliomba protini kwa maabara moja ya nje, barua pepe wiki hadi wiki, mara mwanafunzi aliyeitengeneza kashahitimu kaondoka, mara friza imehamishwa, mwisho wakatuma na barafu kavu na mzigo ukakwama uwanja wa ndege siku tisa. Nafungua boksi, barafu hakuna hata chembe, vichupa vya uvuguvugu mkononi. Nililia jamani, miezi mitano ya kazi ile.

Addgene ni shirika lisilo la faida, liko Massachusetts, lilianza 2004. Mtafiti akishatengeneza plasmidi yake anaipeleka pale mara moja, wanaipima mfuatano wa DNA, halafu wao ndo wanahangaika na kila anayeitaka, hakuna tena habari ya kumbembeleza mtu ajibu meseji.

Mi nilikuwa naitaka Lifeact. Ni kipande kidogo sana cha protini, amino asidi 17 tu, kimetolewa kwenye hamira, kilitangazwa 2008, kinashika nyuzi za aktini (protini inayoipa seli umbo na kuisukuma) ndani ya seli hai, ukikiunganisha na protini inayong'aa kijani unaona kabisa seli inavyonyoosha mguu wa mbele na kujivuta. Nikaongeza na Rac1, protini inayoiamuru seli inyooshe ukingo wake, ya maabara ya Klaus Hahn, ya 2009, hiyo inawashwa na mwanga wa bluu, unamulika upande mmoja wa seli nayo inaelekea huko huko.

Sasa kilichonifurahisha zaidi ya vyote ni namna inavyosafiri. Wanakutumia bakteria hai aliyebeba plasmidi, wamemchoma ndani ya agari (jeli ya kukuzia bakteria) kwenye kichupa kidogo kinachoenea kwenye vidole viwili, ukikiinua kwenye mwanga unaona kimstari cheupe pale sindano ilipopita. Barafu haihitajiki kabisa! Mzigo wetu ulichelewa forodhani kama kawaida, siku kumi na mbili, na nilipopaka kwenye sahani asubuhi yake koloni, yaani vidoa vya bakteria, zimejaa.

Ila soma ukurasa wa plasmidi yako kwenye tovuti ya Addgene kabla hujapaka. Mimi mara ya kwanza niliweka ampisilini (antibiotiki ya kubakiza bakteria wenye plasmidi tu) kwa mazoea, hakikuota kitu, kumbe Lifeact yangu inataka kanamaisini na imeandikwa pale pale juu. Halafu usikuze moja kwa moja kutoka kwenye kichupa, tenga koloni moja kwanza, ukuze, hifadhi na gliseroli kwenye friza ya -80, maana kichupa chenyewe hakidumu.

Kinachochosha ni makaratasi. Kuna mkataba wa kupokea vifaa vya kibayolojia na wewe mtafiti huwezi kuusaini peke yako, lazima asaini mtu aliyeidhinishwa na chuo, na kwetu ilichukua wiki tatu kumjua huyo mtu ni nani yaani. Anzeni na hilo, pamoja na kibali cha kuingiza mzigo, kabla hata ya kuchagua plasmidi. Usafirishaji nao unauma, kwa hiyo sisi tulisubiri mpaka tukawa na nne tunazozihitaji ndo tukaagiza kwa pamoja. Na ukishapata usimgawie rafiki wa chuo kingine kimya kimya, mkataba hauruhusu, dada mmoja wa Nairobi aliniomba nikamwelekeza aagize mwenyewe akaipata.

Angalizo kwa watakaotumia Lifeact: ukiingiza nyingi sana inabadilisha aktini yenyewe na seli zinaanza kutembea tofauti, kwa hiyo chagua zile zinazong'aa kwa mbali, achana na zinazowaka kama taa hata kama picha zake ni nzuri.

Wiki iliyopita nimekwaruza tabaka la seli kwa ncha ya pipeti nikakaa na darubini mpaka usiku, zile za ukingoni zikatoa vidole vya kijani kuelekea kwenye uwazi, moja ikatangulia nyingine zikafuata. Aisee sikutaka kuondoka. Oda ya tatu naituma Jumatatu, paxilini, protini inayokaa pale seli inaposhika chini, nione zinapokanyaga.