Buti za babu na buti mpya

Babu alikata mkonge nje ya Tanga, na buti zake za ngozi ninazo mimi. Jozi mpya ya plastiki ni nyepesi na haiingizi maji. Wakati wa masika inafaa. Ila soli yake imebandikwa kwa gundi, ikiachia ndiyo basi.

Za babu zimeshonwa kwa uzi wa nta, ngozi na soli zikiunganishwa na ukanda, hivyo soli hufumuliwa ikashonwa nyingine. Fundi wa Ngamiani ameshaibadilisha mara mbili. Ncha za mkonge zimechora ngozi kote, na kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje, maana babu alikuwa akichechemea. Mguu wangu ukiingia humo, nahisi shimo la kidole gumba chake. Nachagua hizi, japo zanibana.