Zawadi za nyumbani kutoka Lubumbashi: anza na shaba

Anayetafuta pambo la sebule la kutoka nalo Lubumbashi atakuta vitu karibu vilevile kwa kila mchuuzi: sahani ya shaba yenye shemine (bomba refu la moshi) ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, yai la malakiti (jiwe la kijani lenye shaba ndani yake), mchoro juu ya kitambaa, msalaba wa Katanga. Tumevipanga kwa maswali mawili: je, kitu kimetoka kweli katika udongo au mikono ya hapa? Na baada ya miaka kumi kitapendeza bado?

1. Sahani ya shaba ya kugongwa

Hii ndiyo ya kununua kwanza. Shemine na terili (kilima cha mabaki ya kuyeyusha madini) ni maumbo mepesi, mstari uliosimama na kilima cheusi kando yake, na nyundo huyatoa vizuri hata kwenye sahani ya sentimita 20. Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo ni kazi nyingine: chini ya sentimita 30 sura ya matofali na madirisha hupotea.

Uliza unene. Sahani ya sentimita 30 yenye unene wa milimita 1 hukaribia gramu 630. Ya nusu milimita ni kama gramu 315, na hiyo hupinda safarini. Mizani ya muuza unga itakuambia zaidi ya macho. Shaba hainati kwenye sumaku, lakini hata shaba ya njano hainati. Kwa hiyo omba ruhusa ukwaruze mgongo wa sahani kidogo kwa msumari: ukiona kweupe au njano, wekundu wa juu ni wa kupakwa. Pitisha kidole ukingoni pia, maana ukingo usiokunjwa unakata. Kitanzi kiwe kimechomelewa, kisiwe cha gundi: gundi hulegea kwa joto na sahani huanguka.

Inayong'aa kama kioo imepakwa vanishi; ipanguse kwa kitambaa kikavu basi. Isiyo na vanishi itapiga weusi: sugua kwa nusu ndimu na chumvi, suuza papo hapo, kausha kabisa. Usitumie ndimu juu ya vanishi, kwa kuwa maji yake hupenya penye mkwaruzo na kuacha madoa ya kijani. Na sahani usiitumie kwa chakula: nyanya na matunda makali huila shaba.

2. Malakiti

Nzuri sana, lakini hapa ndipo watu wanapodanganywa zaidi. Jiwe la kweli ni zito na baridi mkononi. Yai la sentimita 6 kwa 4.5 lina karibu gramu 240. La plastiki ngumu la ukubwa huohuo halifiki 100. Mistari ya kijani hupanuka na kubanwa bila mpango. Ikijirudia sawasawa kama kitenge, iache.

Sanduku na kisahani cha majivu mara nyingi ni vipande vyembamba vilivyobandikwa juu ya mbao. Si uongo ukielezwa hivyo, ila bei isiwe ya jiwe zima. Geuza uangalie chini. Angalia pia mabaka yaliyofifia yasiyo na mistari: hapo tundu limezibwa kwa unga wa jiwe na gundi. Kwa bajeti ndogo, yai moja zima ni bora kuliko sanduku kubwa la vipande.

Malakiti ni laini, kisu cha chuma huikwaruza, na siki au ndimu huua mng'ao wake. Usiifanye kitako cha glasi ya vinywaji. Usiipige msasa nyumbani, vumbi lake lina sumu. Funga kila kipande peke yake katika kitambaa.

3. Mchoro juu ya kitambaa

Mji huu una historia ndefu ya uchoraji: mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa karakana ya uchoraji ya Hangar, walikotoka wachoraji Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Mchoro wa terili una thamani ya pekee, kwani mabaki yale yamekuwa yakichimbwa upya tangu miaka ya 2000 ili kutoa kobalti, na kilima hakibaki na umbo lilelile. Gusa penye rangi nene. Ikinata, usikunje bado. Ikikauka, viringisha rangi ikiwa nje, kwenye bomba la upana wa sentimita 10 au zaidi. Rangi ikiwa ndani hubanwa na kupasuka.

4. Msalaba wa Katanga

Ni kipande cha shaba chenye umbo la msalaba; zamani ulitumika kama pesa, na mitatu ilikaa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga mwaka 1960. Nunua mpya uliosubiwa leo, uwe kizito cha karatasi mezani. Anayekuuzia "wa kale" wenye kijani cha unga kinachotoka kwa kitambaa chenye maji huenda ameutia chumvi na asidi. Wa kale wa kweli uachie makumbusho.

Sumaku za friji na vikombe vya kuchapwa picha vije mwisho. Pembe za ndovu usiguse hata kwa zawadi: biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Kwa vingine vyote omba risiti yenye muhuri na uiweke karibu na pasipoti. Kwenye uwanja wa ndege wa Luano huenda wakakuuliza malakiti umeipata wapi.