Dar–Nairobi kwa ndege: muda wa kwenye tiketi na muda wenyewe

Kwa angani, Dar na Nairobi zimepishana kilomita 670 hivi. Kwa barabara, ukipita Chalinze, Segera, Same, Moshi, Arusha na Namanga, zinakaribia 900, na basi la alfajiri kutoka Mbezi linakufikisha usiku, miguu imevimba. Mimi huenda Nairobi kikazi, na basi nilishaliaga. Ila muda ulioandikwa kwenye tiketi usikudanganye.

Kwanza uliza ni ndege gani. Jeti huandikiwa kama saa 1 na dakika 20, pangaboi, yaani ndege ya mapanga, huongeza nusu saa hivi. Muda huo unahesabiwa tangu ndege inaondoka kwenye maegesho Dar mpaka inaegeshwa kule, pamoja na kusubiri zamu ya kuruka. Angani kwenyewe, kwa jeti, ni kama saa moja tu. Wahudumu wanakimbizana na toroli, korosho hujazimaliza, mtu keshapita na mfuko wa takataka, mara masikio yanaziba, mnashuka.

Pangaboi watu wanaidharau bure. Kelele ipo, na penye mawingu inatikisika, sibishi. Lakini hairuki juu kama jeti, na kwa ATR, mojawapo ya pangaboi hizo, bawa liko juu ya madirisha, halikuzibii kitu. Chukua kiti cha dirishani upande wa kushoto wakati wa kwenda, kulia wakati wa kurudi. Asubuhi anga likiwa safi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inajitokeza juu ya mawingu, mita zake 5,895, unaona mpaka mikunjo ya barafu. Abiria wa upande wa pili wote wanahamia kwako na simu zao.

Sasa muda wenyewe. Posta mpaka uwanjani ni kama kilomita 12, ila Barabara ya Nyerere jioni haina adabu, hata baada ya kujengwa Daraja la Mfugale pale Tazara. Uwe uwanjani saa 3 kabla. Jengo la tatu, lililoanza kazi 2019, nalipa alama za juu: pana, vyoo safi, uhamiaji hawakucheleweshi. Chai ya humo ndani nayo ina bei ya kimataifa, kunywa nyumbani.

Nairobi, Mtanzania haombi viza na saa ya mkononi huigusi, majira ni yaleyale. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, iwe karibu na pasi. Kutoka uwanjani kwenda Westlands, mwambie dereva apite juu, ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022. Kule chini Mombasa Road unaweza kukaa kwenye foleni muda mrefu kuliko uliokaa angani. Ukijumlisha yote, mlango kwa mlango ni kama saa 6.

Kilichoniudhi ni shirika moja lililotutumia ujumbe tukiwa tumeshakaguliwa: safari imesogezwa mbele, "sababu za kiuendeshaji". Hakuna maelezo, hata maji hakuna. Ndege hiyohiyo ilikuwa na safari nyingine tangu asubuhi, na kila ucheleweshaji ulisogea mpaka ukatufikia sisi wa jioni. Ndiyo maana siku hizi nakata ya kwanza ya asubuhi, hata kama bei imezidi kidogo.