Mtoto kiziwi Kisumu: klabu ya mtaa au klabu ya viziwi?

Kwa nauli, klabu ya michezo ya mtaa inashinda: mtoto wa Nyalenda au Manyatta anaenda kwa miguu, acheze na majirani zake. Lakini kocha asiyejua ishara humwacha nje ya mazungumzo yote ya mapumziko, na hilo linaniuma. Kupunga bendera badala ya kupuliza filimbi ni rahisi. Lugha ya Ishara ya Kenya, inayotambuliwa na Katiba ya 2010, inataka miezi ya kujifunza, na kocha akihama mnaanza upya.

Klabu ya viziwi ina lugha tayari, pamoja na njia ya kuelekea Deaflympics, michezo ya dunia ya viziwi. Ila wapinzani wa karibu ni wachache.

Mdogo mwenye kocha aliye tayari kujifunza abaki mtaani. Kijana anayelenga mashindano, au aliyechoka kukisia, aende kwa viziwi wenzake.